Farasi Aliyetoweka Alikula Nini? Mwongozo wa Kulihoji Jino kwa Kemia

Kila kiangazi, makorongo yakikauka na njia kupitika, maswali ni yaleyale. Kijana ameokota jino, au amekabidhiwa sanduku la meno ya zamani afanyie utafiti wake wa shahada, na anauliza: "Mwalimu, nikitaka kujua huyu mnyama alikula nini, naanzia wapi?" Mwingine anauliza kama mfupa wa paja unatosha. Wa tatu ameshalitoboa jino katikati ndipo anakuja kuuliza. Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Nadharia utapata kidogo tu, ya kukuvusha. Mimea hutengeneza chakula chake kwa njia mbili kubwa, na kila njia huacha uwiano wake wa kaboni 13 kwa kaboni 12, ambazo ni isotopu, yaani aina za kaboni ileile zinazotofautiana uzito. Kundi la C3 ni miti, vichaka, maharage, viazi, migomba, chai, ngano na mpunga. Kundi la C4 ni mahindi, mtama, ulezi, muwa na nyasi nyingi za nchi za joto. Mnyama akila, kaboni ya chakula inaingia kwenye madini ya jino lake wakati jino linajengwa, na inabaki humo hata baada ya mamilioni ya miaka. Oksijeni ya jino nayo hutokana zaidi na maji aliyokunywa. Basi. Mengine utayapata njiani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa jino

- Kibali. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kufukua, kukata na kusafirisha nje vyote vinahitaji ruhusa ya maandishi, na utafiti wenyewe unahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania. Anza na hili, maana karatasi huchukua muda mrefu kuliko kemia.
- Drili ndogo ya mkononi, aina wanayotumia mafundi wa meno na wachonga vito, yenye ncha ya almasi na kidhibiti cha kasi.
- Mizani inayosoma hadi sehemu ya miligramu.
- Vichupa vya plastiki vya mililita 1.5, karatasi ya alumini, brashi laini, miwani, barakoa na glavu.
- Maji yaliyotoneshwa, peroksaidi ya hidrojeni ya asilimia 3, na asidi ya asetiki ya 0.1 M. Hiyo asidi ndiyo iliyo ndani ya siki, lakini siki ya dukani usiilete maabara.
- Sentrifyuji ndogo (mashine inayozungusha vichupa kwa kasi ili unga utuame), na tanuri la kukaushia kwa nyuzi 60.
- Daftari la karatasi. Simu huzima.
- Jino la punda wa leo, la kujifunzia.

Mashine ya kupima isotopu, yaani spektromita ya masi, huhitaji kuwa nayo. Wewe unaandaa unga, maabara yenye mashine inapima. Lakini zungumza nao kabla, uwaulize wanataka miligramu ngapi na unga uwe umesafishwaje. Kila jiko lina mpishi wake.

Hatua kwa hatua

1. Jifunze kwa punda kwanza.

Huku Iringa na Mbeya punda si haba, na punda ni ndugu wa farasi: jino lake lina mikunjo ileile, enameli (sehemu ngumu inayong'aa ya jino) nyembamba ileile. Tafuta mwenye punda aliyekufa kwa uzee au ajali, umwombe taya. Nilikwenda kwa mzee mmoja, nikabisha "Kamwene," nikaeleza shida yangu, akacheka mpaka akakaa chini. Taya alinipa. Halafu akanisimulia punda wake alikula nini tangu akiwa mdogo: mabua ya mahindi, pumba, nyasi za kando ya barabara. Hakuna kitabu kitakachokupa hilo. Jino ambalo mwenyewe anajua historia yake ndilo litakalokuonyesha kama mikono yako inafanya kazi sawasawa.

*Onyo:* usichukue taya la mnyama aliyekufa ghafla bila sababu kujulikana, hasa akiwa ametoka damu puani au mdomoni. Hiyo inaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Mwite afisa mifugo. Pia usiokote jino la pundamilia hifadhini ukaweka mfukoni. Nyara ni nyara hata ikiwa jino moja.

2. Hakikisha ni farasi, na tabaka linaruhusu awe farasi.

Jino la ng'ombe likiisha kusagika huonyesha maumbo kama mwezi mwandamo. La farasi ni karibu mraba, refu, na enameli yake imejikunja kunja kama kamba iliyotupwa sakafuni. Ukiwa na jino la juu, tazama kisiwa kidogo cha enameli upande wa ulimi. Kikiwa kimesimama peke yake, umeshika hipparioni, farasi wa vidole vitatu. Kikiwa kimeungana na sehemu nyingine ya jino, huyo ni wa jenasi ya Equus, ukoo wa farasi, punda na pundamilia wa leo. Katika meno ya chini, hipparioni wengi wa Afrika wana kinguzo kidogo cha enameli upande wa shavu.

Kisha uliza umri wa tabaka, yaani safu ya mwamba au udongo jino lilimotoka. Farasi walizaliwa kama ukoo Amerika Kaskazini, na hipparioni hawakukanyaga Afrika hadi kati ya miaka milioni 10 na 11 iliyopita. Equus walikuja baadaye sana, miaka zaidi kidogo ya milioni 2 iliyopita. Kwa hiyo ukiletewa "jino la farasi" kutoka tabaka za Nsungwe kwenye bonde la ufa la Rukwa, ambazo zina umri wa miaka milioni 25 na ndizo zilizotoa sokwe wa kale Rukwapithecus, lirudishe. Ama si farasi, ama halikutoka humo. Tanzania meno ya farasi wa kale yanajulikana zaidi Oldupai, Laetoli na bonde la Manonga. Laetoli hata nyayo za hipparioni zipo, zimekanyagwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita karibu na nyayo za binadamu wa kale.

Isimila? Vijana wa Iringa huniuliza sana kwa sababu iko jirani, kilomita 20 hivi kutoka mjini. Isimila ni mahali pa zana za mawe, na mifupa yake inayotajwa zaidi ni ya kiboko. Nenda ukajifunze kusoma tabaka. Drili iache nyumbani.

3. Chagua jino sahihi, na sehemu sahihi ya jino.

Mfupa hapana. Mfupa una vitundu, maji ya ardhini yanapita humo na kubadilisha kila kitu. Dentini, sehemu laini ya jino iliyo chini ya enameli, nayo ni hivyohivyo. Enameli ni zaidi ya asilimia 95 madini, imebana, haipitishi kirahisi. Ndiyo shahidi tunayemwamini.

Kati ya magego, chagua la mwisho kabisa nyuma, yaani gego la tatu. Gego la kwanza huanza kujengwa mtoto wa farasi akiwa bado ananyonya, kwa hiyo ukilipima unapima maziwa ya mama yake. La tatu hujengwa takriban kuanzia mwaka wa pili hadi katikati ya mwaka wa tano, mnyama ameshaachishwa zamani.

4. Piga picha, pima, andika. Halafu piga picha tena.

Pande zote sita, na rula ndani ya picha. Ukiweza, chukua na nakala ya umbo lake kwa plasta ya fundi meno. Ukishatoboa hakuna kurudi nyuma. Uliza pia kama jino liliwahi kupakwa gundi ya kuhifadhia. Meno ya makumbusho mengi yamepakwa, na gundi ina kaboni yake.

5. Ondoa saruji ya jino.

Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu. Jino la farasi limevikwa nje tabaka la rangi ya krimu, saruji ya jino, linalofanana na enameli kwa mtu asiyezoea. Si enameli. Likwangue taratibu mpaka uone sehemu inayong'aa kama kikombe cha kauri. Kipande chenyewe cha enameli kina unene wa milimita moja hivi, kwa hiyo ukiendelea kwa pupa utatokea upande wa pili, kwenye dentini. Dalili ni rahisi: enameli inatoa unga mweupe na inagoma ncha, dentini ni laini, unga wake una manjano, na ncha inazama ghafla. Ukihisi inazama, simama.

6. Toboa.

Kasi ndogo, mkono mwepesi, pumzika kila sekunde kadhaa. Drili ikizunguka sana jino linapata moto, na ukisikia harufu ya nywele zilizoungua umeshachoma sampuli. Tanda karatasi ya alumini chini, kusanya unga, pima. Kwa anayeanza, lenga miligramu 10, kwa sababu wakati wa kusafisha utapoteza sehemu kubwa.

Kuna namna mbili. Ukitaka wastani wa chakula chake, vuta mstari mmoja mrefu kutoka juu hadi chini ya jino. Ukitaka kuona masika na kiangazi, vuta mistari mingi mifupi inayokatiza jino, kila baada ya milimita 3. Jino la farasi hukua kama sentimita 3 hadi 4 kwa mwaka, hivyo kila mstari ni karibu mwezi mmoja wa maisha yake. Ncha ya juu ndiyo ya zamani, ya kwenye mzizi ndiyo ya karibuni. Usidhani lakini kwamba utaona mwezi kwa mwezi waziwazi: enameli hukomaa polepole na kuchanganya miezi, kwa hiyo tofauti kati ya masika na kiangazi itaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa.

Safisha ncha kwa asidi dhaifu na maji kati ya sampuli na sampuli. Kila mara, hata kama umechoka.

7. Osha unga.

Mwaga peroksaidi ya asilimia 3, acha dakika 30. Inaondoa mabaki ya viumbe. Zungusha kwenye sentrifyuji, mwaga maji, suuza mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa. Kisha asidi ya asetiki ya 0.1 M, dakika 30, siyo usiku kucha. Hii inaondoa chokaa iliyoingia kutoka ardhini. Suuza tena mara tatu. Kausha kwa nyuzi 60.

Andika vichupa kwa penseli kwenye karatasi iliyobandikwa, tena kwenye mfuniko na ubavuni. Niliwahi kuandika vichupa 24 kwa kalamu ya wino, nikavipangusa kwa spiriti, nikabaki na vichupa 24 visivyo na majina. Siku tatu za kazi zikaishia hapo.

Weka pia kichupa kimoja cha unga wa punda wako katika kila kundi. Majibu ya punda yakihama kutoka kundi moja hadi jingine, tatizo ni lako au la maabara, si la farasi.

8. Peleka kupimwa.

Maabara itaumimina unga ndani ya asidi ya fosforiki, itakamata gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka, na kuipima. Utarudishiwa namba mbili kwa kila sampuli, delta ya kaboni 13 na delta ya oksijeni 18, yaani uwiano wa isotopu wa sampuli yako umepishana kiasi gani, kwa sehemu za elfu (‰), na kipimo cha kimataifa kiitwacho VPDB. Kaboni ya jino mara nyingi ni namba hasi. Usishtuke.

9. Soma kaboni.

Toa 14. Enameli ya wanyama wakubwa wanaokula majani huwa juu ya chakula chao kwa takriban 14‰. Enameli ikiwa -2, chakula kilikuwa karibu -16.

Sasa unahitaji ncha mbili: mimea ya C3 peke yake ingekuwa ngapi, na ya C4 ngapi. Tuseme leo C3 ni -28 na C4 ni -13. Moshi wa viwanda umeshusha kaboni 13 ya hewa kwa karibu 2‰, kwa hiyo kwa mnyama wa kale unaongeza 2: ncha zinakuwa -26 na -11. Kutoka -26 hadi -16 ni hatua 10, katika safari nzima ya hatua 15. Theluthi mbili ya chakula chake ilikuwa C4. Kwa punda wa leo huongezi hiyo 2. Kosa hili moja linaweza kugeuza mla majani ya vichaka kuwa mla mchanganyiko, nami nimelikuta hata kwenye kazi zilizokwisha kufungwa jalada.

Kwa makadirio ya haraka: enameli iliyo juu ya -1 ni mla C4 hasa, chini ya -8 ni mla C3 hasa, katikati ni mchanganyiko.

Na usitangulize umbo la jino. Jino refu halithibitishi nyasi. Mwaka 1999 Bruce MacFadden na wenzake walichapisha kazi juu ya spishi sita za farasi wa Florida wa miaka milioni 5 iliyopita. Wote walikuwa na meno marefu ya "mla nyasi", lakini kemia na mikwaruzo ya meno ilionyesha kwamba baadhi yao walikuwa wakichuma majani. Kwa upande wetu, meno kutoka Kenya yanaonyesha jamii ya farasi walikuwa wa kwanza miongoni mwa walaji mimea wakubwa kuhamia C4, takriban miaka milioni 9.9 iliyopita.

10. Sasa simama, tazama mlima.

Hatua hii huikuti kwenye miongozo ya watu wa nchi tambarare, na kwetu ndiyo inayoamua kila kitu. C4 haina maana ya "nyasi", na C3 haina maana ya "kichaka". Ngano ni nyasi, ni C3. Mwanzi unaotupa ulanzi ni nyasi, ni C3. Na nyasi za porini hubadilika kadiri unavyopanda: kazi iliyofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 1979 ilionyesha kwamba chini ya mita 2,000 nyasi za mahali pa wazi ni karibu zote C4, na juu ya mita 3,000 karibu zote ni C3. Katikati ni mchanganyiko.

Sasa weka farasi wako bonde la Usangu, kwenye mita 1,000 na kitu. Namba ya C3 inasema kichaka. Mweke yuleyule kwenye uwanda kama wa Kitulo, mita 2,600, kwenye baridi ya kugandisha vidole: namba ileile inaweza kuwa ya mnyama aliyeinamisha kichwa kwenye nyasi siku nzima bila kuona mti. Kwa hiyo kusanya mimea ya leo kwenye miinuko tofauti, ikaushe, ipime. Mikwaruzo midogo kwenye uso wa jino nayo ni msaada: nyasi hukwaruza, majani ya vichaka huacha vishimo.

11. Soma oksijeni, lakini kwa unyenyekevu.

Farasi hunywa kila siku, kwa hiyo jino lake hufuata maji ya mahali. Mvua ya mlimani ina oksijeni 18 kidogo kuliko ya bondeni; maji yaliyokaa juani na kupungua yana nyingi. Watu huona namba ya chini wakaandika "aliishi milimani". Taratibu. Mito inayolisha Ruaha Mkuu inatoka nyanda za juu na kushuka Usangu. Mnyama aliyelala bondeni miaka yote angeweza kunywa mvua iliyonyesha mlimani. Pima na kiboko wa tabaka hilohilo, kwani yeye anaishi ndani ya maji, na twiga au jamaa yake, anayepata maji mengi kwenye majani. Pengo kati yao likiwa kubwa, nchi ilikuwa kavu.

Ukitaka kujua kama alihamahama, kipimo chake ni strontiamu. Mawe machanga ya volkano ya Rungwe yana uwiano mdogo wa strontiamu 87 kwa 86, na mawe makongwe ya chini kabisa yana mkubwa, na jino hubeba uwiano wa ardhi iliyootesha chakula. Hiyo ni kazi nyingine, yenye bajeti nyingine.

Mambo yakienda kombo

*Wanyama wote wa tabaka wana namba moja.* Farasi, twiga, nguruwe, wote sawa? Ardhi imeandika upya meno yako. Pima dentini na chokaa ya udongo wa hapohapo. Enameli ikifanana navyo, tabaka hilo liache.

*Namba za sampuli mbili za jino moja zinapishana kwa zaidi ya 1‰.* Kama mistari iko mbali, huenda ni msimu. Kama iko sehemu moja, uligusa dentini au saruji. Rudia.

*Unga umekwisha wakati wa kuosha.* Asidi ilikuwa kali au ilikaa muda mrefu. Mara nyingine ulimwaga unga pamoja na maji kwa haraka; zungusha sentrifyuji zaidi, na acha tone la maji chini.

*Punda anaonekana mla vichaka.* Kama mwenyewe aliapa kwamba alikula mabua tu, angalia kwanza kama ulichukua gego la kwanza. Halafu rudi kwa mzee ukamuulize vizuri. Wa kwangu alikumbuka mara ya pili kwamba punda alikuwa akifungwa kila jioni kando ya shamba la viazi la jirani, na kamba ilikuwa ndefu.